Kiwiko: Maisha ya Dada Yetu, Mkamua Alizeti

Ndugu, jamaa, majirani, na wafugaji mliofika,

Mimi ndiye niliyemfuata marehemu kuzaliwa. Kamati ya mazishi ilinipa kazi ya kusoma wasifu wake, ikanipa na karatasi iliyokwisha kuandikwa, nusu ukurasa, imejaa "alikuwa mcheshi" na "alipenda watu wote". Karatasi ile nimeiacha nyumbani, imefunikia sufuria. Hii mliyonayo mkononi nimeiandika mimi. Niliipeleka mwenyewe kwa mchapaji, nikakaa kwenye benchi lake mpaka nakala ya mwisho ikatoka, kwa sababu nawajua watu wangu. Kwa hiyo msihangaike kupekua kurasa mkitafuta ile nyingine. Haipo.

Dada hakupenda watu wote. Alipenda wachache, akawavumilia wengi, na wapo waliomchosha kabisa, naye akawaambia. Aliyeleta alizeti zenye mchanga alirudi nazo nyumbani, awe jirani, awe shemeji. Nayasema haya mapema ili tusije tukamzika mtu mwingine.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963, wa kwanza kati yetu watatu, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na kiwanda cha mafuta ya kula. Baba alikuwa mpakiaji wa magunia hapo kiwandani. Upande wa pili wa ukuta wetu palikuwa na matangi ya kupashia mbegu moto kabla ya kukamuliwa, hivyo ukuta ulikuwa na joto mwaka mzima, na mama aliutumia kukaushia nepi zetu. Tulinuka alizeti. Darasani wenzetu walituita Chupa na Kizibo, yeye Chupa kwa sababu alikuwa mrefu, mimi nimeachiwa kilichobaki. Dada hakujali. Alisema afadhali kunuka chakula kuliko kunuka wivu, akaendelea na hesabu zake.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa wetu na hesabu alikuwa anaziweza mpaka mwalimu anachoka kumtafutia ngumu. Mwaka 1976 mama alifariki akimzaa mdogo wetu wa kiume. Dada alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwa muhula mzima alikwenda shule na mtoto mgongoni, akikaa dawati la mlangoni ili mtoto akilia atoke. Mtoto alilia, tena alichagua kipindi cha hesabu. Alipoacha shule, mwalimu mkuu alikuja nyumbani kumwambia baba kwamba binti huyu ana kichwa na asipotezwe. Baba alikuwa ndio kwanza ametoka kazini, vumbi la pumba mpaka kwenye nyusi. Akakinyanyua kile kitoto, akamuuliza mwalimu, "Na hiki nikibebe juu ya gunia?"

Mwalimu aliondoka. Huo ndio ulikuwa mwisho wa elimu ya dada. Sijawahi kumsikia akilalamika, na hilo nalo lilikuwa likiniudhi.

Mtoto yule tulimwita Bosi, kwa kuwa alipolia nyumba nzima ilisimama kumsikiliza. Dada ndiye aliyemlisha, ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyelala naye kwenye ule ukuta wenye joto alipougua kifua. Alijifunza kutembea akiwa ameshika sketi ya dada. Alipofikisha miaka sita bado alikuwa anadai mgongo, na dada bado alikuwa anainama. Nilimwambia mara nyingi kwamba yule mtoto ana miguu miwili mizima. Alinijibu kwamba mimi nina roho ngumu. Kumbukeni mgongo huo, tutaurudia.

Mwaka 1982 aliajiriwa kiwandani, kazi ya kufagia banda la mashudu. Najua hapa wapo vijana wa mjini ambao mafuta wanayajua yakiwa dukani tu, kwa hiyo nitaeleza. Mbegu ikiingia kwenye mashine ya kukamua, inatoa vitu viwili. Ubavuni yanatoka mafuta. Mdomoni yanatoka makapi yaliyobanwa, vipande vipande, yana rangi ya udongo na yanafuka mvuke. Hayo ndiyo mashudu. Ng'ombe anayala, kuku anayala, bata anayala, na mfugaji asiye na mashudu mazuri hana maziwa wala mayai. Watu husifu mafuta. Dada alisema mafuta hayana siri, yakiharibika unayasikia kwa pua. Mashudu ndiyo yanayotaka mtu mwenye akili, maana yanaweza kuoza huku yanakutazama.

Aliyajua hayo kwa mwili wake. Katika mwaka wake wa pili pale kiwandani, rundo kubwa lilikusanywa likiwa bado lina joto, kwa haraka, na watu wakaenda kula. Dada alipopita akasikia harufu kama ya mkate unaoungua. Juu palikuwa baridi. Akachomeka mkono kwenye rundo mpaka kiwiko, akautoa akipiga kelele, ngozi ya mkono imebabuka. Ndani mashudu yalikuwa yameshaanza kujipika yenyewe. Walilifumua rundo kwa majembe, banda likapona. Msimamizi alimpa pole, na tangu siku hiyo akamwita Kiwiko. Alama ile mmeiona wote. Wengine mlidhani ni ya kuzaliwa.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kanuni yake, na hakuibadilisha mpaka anakufa. Mashudu yakitoka kwenye mashine yanamwagwa sakafuni, yanatandazwa, yanageuzwa kwa koleo, yanalala. Hayaingii kwenye gunia mpaka yeye achomeke mkono hadi kiwiko na mkono utoke baridi. Mashudu ya moto ukiyafunga yanatoa jasho ndani ya gunia. Jasho linazaa ukungu. Ukungu ule ng'ombe mkubwa anaweza kuuvumilia kiasi, lakini kifaranga anasinzia, anaacha kula, anakufa. "Mashudu yalale kwanza," alikuwa akisema, na tulimtania kwamba mumewe halali lakini mashudu yanalala.

Nimemtaja mume. Walioana tarehe 3 Desemba 1988. Shemeji yangu alikuwa fundi wa karakana ya kiwanda, mtu wa maneno machache, na wakati huo dada alikuwa amepandishwa, analisha mbegu kwenye mashine namba nne. Mashine namba nne ikawa inaharibika kila wiki. Kila wiki bolti ileile inalegea, kila wiki fundi yuleyule anakuja nayo mfukoni, anaikaza polepole kama mtu anayefunga kifungo cha shati la mtoto. Dada alivumilia, kisha siku moja alimwekea spana mkononi na kumwambia wazi, "Ukiilegeza tena nitakushtaki. Kama una la kusema, sema, bolti haina kosa." Akasema. Mpaka juzi, wakigombana, dada alikuwa anamuuliza kama kuna bolti imelegea. Alipenda pia kuwaambia wanawake wenzake kwamba mumewe ni kama mashudu, juu baridi, ndani usiguse. Shemeji alikuwa anainuka na kwenda kutafuta kitu nje.

Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Bosi alilelewa nao kama wa tatu, na mara nyingi kama wa kwanza.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1998. Milango ilitiwa minyororo, watu wakarudi nyumbani na ovaroli zao. Dada na shemeji walikwenda kuikomboa mashine moja iliyokuwa imetupwa nyuma ya karakana, imeota kutu, imekaliwa na paka. Ilikuwa ile namba nne. Shemeji aliifungua yote, akachonga upya skrubu yake kubwa, akaifungia mota ya mashine ya kusaga. Walijenga banda la mabati pale mnapopajua, nyuma ya soko, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka inateleza. Upande mmoja mapipa ya kutulizia mafuta na vitambaa vya kuchujia vimeanikwa kwenye waya. Upande wa pili sakafu tupu, ya mashudu kulala. Watu walimwambia nusu nzima ya banda anaipoteza bure. Alisema nusu ile ndiyo banda, nyingine ni mapambo.

Kwenye banda lile mteja alikaa na mbegu zake. Hukuacha gunia ukaja kuchukua mafuta kesho, yasiyojulikana ni ya mbegu za nani. Unakaa kwenye benchi, unaona zako zinaingia, unaona yako yanatoka, mnapiga soga. Dada akivunja kipande cha shudu kikapinda badala ya kukatika, anajua bado kuna mafuta ndani, anayarudisha kwenye mashine. Benchi lile lilikuwa na mambo. Ndoa zimepangwa pale na ndoa zimevunjwa pale. Rafiki yake mkubwa alimpata pale, mwanamke mfuga kuku tunayemwita Mama Mayai. Miaka na miaka Mama Mayai alichukua mashudu kwa dada tu, na kila asubuhi dada alikula yai moja kutoka kwa Mama Mayai tu. Wakicheka wale wawili, mota ilikuwa haisikiki.

Bosi akiwa mtu mzima alijaribu hiki na kile. Alijaribu duka, likafa. Alijaribu kuuza simu. Kila kilipokufa alirudi bandani, na dada akampa nafasi, na kila alipopewa nafasi alikuwa na ushauri wa kutoa. Sakafu ni kubwa mno. Wateja wanakaa mno. Mashudu yanalala mno, biashara ya siku hizi ni mwendo. Dada alicheka tu. Mimi sikuwa nacheka.

Marehemu alianza kuugua mwaka 2021. Miguu ilivimba, akasema ni kusimama. Uso ukavimba, akasema ni usingizi. Ilipogundulika ni figo, zote mbili zilikuwa zimechoka. Alianza kwenda hospitali kusafishwa damu, akirudi amekauka midomo, lakini anapitia bandani kwanza ndipo anakwenda nyumbani. Msimu wa mavuno uliopita hali ilikuwa mbaya, akalazwa. Banda aliliacha mikononi mwa Bosi, kwa kuwa shemeji alikuwa akimuuguza. Na hapa ndipo ile nusu ukurasa ya kamati ilikuwa inasema "baada ya kuugua kwa muda, alitutoka". Hapana. Kuna jambo lilitokea katikati, na nusu ya waliokaa hapa wanalijua vibaya.

Msimu ule karanga nazo zililetwa kwa wingi, pamoja na alizeti. Mteja mmoja mkubwa alitaka mashudu mengi kwa mkupuo, akaja na lori. Siku hiyo nilipita bandani kumchukulia dada kandambili zake. Nikawakuta wanafunga mashudu yanayotoka moja kwa moja kwenye mdomo wa mashine. Ile sakafu ya kulalia ilikuwa imejaa magunia yamepangwa mpaka karibu na bati. Niliweka kiganja kwenye gunia. Lilikuwa na joto kama tumbo la mtu mwenye homa. Nikamwambia Bosi. Akasema nisimfundishe kazi. Nikampigia dada hospitalini, nikaweka simu kwenye sauti kubwa katikati ya banda, mota ikazimwa, tukasikia wote.

"Bosi, hayo yamelala?"

"Yanapoa kwenye gunia, dada."

"Hakuna kitu kinachopoa kwenye gunia. Fungua yote, mwaga chini. Mwenye lori mwambie mimi ndiye nimekataa."

"Sawa, dada."

Nilisikia hayo kwa masikio yangu, na simu niliishika kwa mkono huu. Wakamuaji wawili walikuwepo. Leo wapo hapa, na bila shaka wanatazama viatu vyao. Niliondoka na kandambili kwa sababu alisema sawa. Hakufungua hata gunia moja. Lori lilichukua mzigo wake, na yaliyobaki yaliuzwa hapa mtaani, kwa watu wa benchi, waliozoea kwamba kitu cha Kiwiko hakikaguliwi.

Vifaranga vilianza kusinzia. Kisha kuku wakubwa. Kisha bata wa yule mzee wa kona, ambao walikuwa ndiyo starehe yake yote. Mama Mayai aliamka akakuta banda lake kimya, na mwenye kuku anajua ukimya ule una maana gani. Alibakiwa na jogoo mmoja tu, naye hakuwa na hamu ya kuwika.

Watu wakaenda bandani kwa hasira, na walikuwa na haki. Bosi akatoka, akasimama mlangoni, akawaambia kwamba amri ilitoka hospitali. Dada ndiye aliyesema yafungwe vile. Ni mgonjwa, kichwa chake siku hizi hakiko sawa, yeye ni mtu wa kutumwa tu, angefanyaje. Akawasihi wasiende kumuuliza, wasije wakamwua. Mtu akikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, angalau subiri uone chupa ni ya nani. Nyinyi hamkusubiri. Mkachukua mkaa mkaandika SUMU kwenye mlango wa bati, kwa herufi kubwa, za mtu aliyesoma. Shemeji yangu alikwenda kuzisugua peke yake, mzee yule, na ndoo ya maji ya sabuni, na mkampita mkienda sokoni. Leo mmekuja na maua. Maua ni mazuri. Nayaona.

Mama Mayai yeye hakuandika kitu mlangoni. Alikuja hospitali, saa ya kuona wagonjwa, akasimama miguuni mwa kitanda. Mimi nilikuwa na kikombe cha uji mkononi. Hakusalimia.

"Nieleze tu," alisema. "Ni wewe uliyesema yafungwe ya moto?"

Mimi nilikuwa nimefungua mdomo. Dada akaniwekea mkono kwenye goti, ule mkono wenye alama, akaubana.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Mama Mayai alitikisa kichwa, akajifunga kitambaa chake vizuri, akatoka. Hakurudi tena.

Nililipuka. Nesi alikuja akaniambia nipunguze sauti au nitoke. Nikamuuliza dada kama ugonjwa umepanda kichwani kweli. Akasema yeye bandani harudi, sote tunajua. Bosi ndiye atakayebaki na watu hawa, na watoto wake wadogo, na ile mashine. Watu watamsamehe marehemu, alisema, lakini mtu mzima aliye hai hawatamsamehe. Nikamwambia kwamba huyo mtu mzima ana mvi kidevuni.

"Nimembeba tangu ana siku moja," alisema. "Unataka nimtue sasa? Usimseme. Niahidi."

Sasa naomba jambo hili lieleweke, maana wapo watakaosema nimevunja ahadi ya marehemu. Sikuahidi. Nilimwambia, "Kunywa uji wako." Akanywa, akadhani nimekubali. Hajawahi kunielewa vizuri, dada yangu yule.

Nina hasira naye. Najua haisemwi mbele ya jeneza, lakini ningemwambia akiwa hai na nilimwambia. Alikuwa na kitu kimoja tu alichokijenga mwenyewe kwa mkono wake, kwamba ukinunua kwa Kiwiko unakwenda kulala. Akakitoa chote kwa siku moja, kwa sentensi moja, kama mtu anayempa mtoto peremende anyamaze. Na mtoto mwenyewe hakunyamaza. Kabla hata hajafa, kibao cha banda kilikuwa kimeshapakwa rangi upya. Kimeandikwa BOSI MAFUTA NA MASHUDU. Nilikiona nikiwa natoka kumpelekea nguo safi. Sikumwambia. Shemeji naye hakumwambia. Alikufa akidhani bado kinasema Kiwiko.

Baada ya siku ile alibadilika. Dawa alikunywa, mashine ya damu alikwenda, lakini kila saa ya kuona wagonjwa aligeuza mto ili aangalie mlango. Wakiingia watu alinyanyua kichwa, akishaona ni nani anakirudisha. Wakileta yai kwenye chakula cha wodini alilisogeza pembeni. Nilimuuliza nimwite Mama Mayai, nimweleze mimi, kimyakimya, mwanamke kwa mwanamke. Akakataa. Akasema Mama Mayai amepoteza kuku wote, na mtu aliyepoteza vyote ana haki ya kumkasirikia mtu. Lakini aliendelea kuangalia mlango.

Marehemu alifariki tarehe 6 ya mwezi huu, asubuhi, wakati manesi wanabadilisha shuka. Shemeji alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa nimekwenda kuosha kikombe. Niliporudi macho yake yalikuwa yamefumbwa na uso wake umegeukia mlangoni.

Kamati ilipokaa kuandika wasifu, nilisema yote haya. Bosi alikuwepo. Akasema tusifukue mambo, siku ya mazishi ni siku ya heshima. Wengine wakaitikia, heshima, heshima. Heshima ya nani? Anayekwenda chini leo anakwenda akiitwa muuza sumu na watu aliowalisha mifugo yao maisha yake yote. Kama hiyo ndiyo heshima, basi mimi niachieni ile ya sokoni, ya kuambiana ukweli usoni.

Mama Mayai, sijui kama umekuja. Kama upo nyuma huko, au umesimama nje ya uzio, sikia kutoka kwangu. Hakusema yafungwe. Alisema yamwagwe chini. Alikudanganya mara moja tu katika urafiki wenu wote, na unajua sasa kwa ajili ya nani. Alikungoja.

Marehemu ameacha mume, fundi, ambaye tangu alfajiri anazunguka na spana mfukoni na hajui kwa nini. Ameacha binti, mwalimu wa chekechea, na mwana, dereva wa trekta, na wajukuu ambao wote wana kiwiko chake ingawa hawana alama. Ameniacha mimi, mdogo wake wa kike, mwenye roho ngumu. Ameacha benchi moja refu, mashine namba nne, na sakafu safi.

Na ameacha mdogo wake wa kiume. Mchapaji aliniuliza kama amtoe kwenye orodha hii. Nilifikiri kutoka benchi lake mpaka mlangoni na kurudi, nikamwambia amwache. Dada hakumtua, na mimi si mtu wa kumtua kwa niaba yake.

Bosi, ratiba inaonyesha baada ya wasifu ni neno la shukrani kwa niaba ya familia, na litatolewa na wewe. Hiyo sikuibadilisha. Najua umeandaa la kusema, kuhusu waliotoa magari na waliotoa viti. Weka mfukoni. Hapa mbele yako wapo wenye kuku, yupo mzee wa bata, yupo shemeji yako mwenye mikono iliyopasuka kwa sabuni. Wakamuaji wako wapo, wanajua ulisema nini kwenye simu ile. Mimi nikisema, watasema yule dada yake ni mkali siku zote, wana ugomvi wa banda. Ukisema wewe, itakwisha. Kaburi liko wazi bado. Alikubeba kwenda shule, akaacha shule, akakubeba mpaka ukawa na mvi, na hospitali akakubeba akiwa amelala. Leo mbebe wewe. Si mbali, ni kutoka kiti chako mpaka hapa niliposimama.

Dada, mwili wako utapata amani yake leo, hata sisi tukifunga midomo. Jina lako linamngoja huyu.

Kipaza sauti nakiacha kimewashwa.